Kituo Kabla ya Basi

Umoja ni nguvu, tuliimba shuleni Sangabuye,
ila hakuna mwalimu aliyesema
umoja unaanzia mlango wa nani.
Mimi nilianzia kwa Nkwimba,
kwa sababu mbwa wake ananijua.

Daftari la kaunta, kwaya mbili, mistari ya bluu:
Jina. Kitongoji. Unakwenda wapi. Nauli shilingi ngapi.
Nkwimba akasoma taratibu, akauliza:
"Na aliyeacha kwenda, anajaza wapi?"
Sikuwa na safu ya hilo.
Nikachora kwa rula ya mwanangu, safu ya tano:
Ulikoshindwa kufika.

Ndiyo iliyojaa kwanza.
Kliniki ya macho, Bugando, mara tatu.
Mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya asubuhi.
Mazishi ya dada, Kisesa.
Mzee Bugumba aliandika "kwa fundi saa", akafuta,
akaandika tena kwa herufi kubwa.

Kayenze niliwakuta wanawake wakigeuza dagaa chanjani.
Walitia sahihi bila kunawa;
ukurasa wa kumi na nne unanuka hadi leo,
na magamba mawili yamegandia kando ya jina la Holo
kama muhuri ambao ofisi ya kata ilininyima.

Wengine hawakutaka.
"Basi la umma? Niliwahi kuliona moja, utotoni.
Liliishia kufugiwa kuku."
"Ukishapata udiwani utatukumbuka?"
Mwenye duka la saruji na nondo, mwenye gari lake,
alinipa soda, hakunipa jina.
Soda niliinywa. Jua lilikuwa kali.

Kijiwe cha bodaboda nilikiogopa, nikakiacha mwisho.
Masalu, mwenyekiti wao, hata injini hakuzima.
"Mama, unataka sisi tule nini? Mawe?"
Na mawe kweli yalikuwapo nyuma yake, yamebebana
tangu kabla babu zetu hawajaja na ng'ombe,
na hakuna aliyewahi kuyala.
Sikuwa na jibu. Nilikaa.
Siku ya pili nilikaa tena, na michembe kwenye kikapu.
Siku ya tatu alizima injini,
akaokota kijiti, akachora mchangani
barabara kuu, uwanja wa ndege, mjini,
kisha vinjia vyote vinavyopanda kwenye miamba
na vinavyoteremka ziwani,
akahesabu kwa sauti wenye mizigo,
wenye magoti mabovu, wajawazito.
"Basi halitapanda kwa Bugumba."
"Halitapanda," nikasema.
Akatazama mchoro wake muda mrefu.
Kidole gumba chake kilikuwa na oili;
hatukuhitaji wino.

Majina elfu moja na kumi na saba.
Halmashauri ililipokea daftari kwa mikono miwili,
ikaligonga LIMEPOKELEWA,
ikaturudishia nakala, na ukimya.

Miezi minne.

Kisha mtu, sijui nani, akaweka gogo
njia panda ya Igombe, palepale tulipoandika
kwamba kituo kingefaa.
Juma lililofuata gogo likawa benchi:
mafundi wa mitumbwi walilipigilia
misumari waliyobakiza.
Masalu alileta bati. Holo alileta kibao,
KITUO, ile O ya mwisho imebanwa ukingoni
kwa kukosa nafasi.
Yule wa duka la saruji alipita, akatazama miguu ya benchi
inavyoyumba, akaondoka.
Kesho yake tulikuta ndoo ya zege, haina mwenyewe.

Sasa kila alfajiri, saa kumi na moja,
tunakaa pale na daftari la pili
na chupa ya chai ya Nkwimba.
Bugumba huja na saa yake mkononi, bado mbovu,
hutuambia muda kwa kukisia ndege wa ziwani.
Magari yakipita hupunguza mwendo,
madereva wakidhani kuna ajali.

Hakuna ajali.
Tunangoja.